Sufu Kwenye Ghala la Dagaa

Aliyeamua kwamba watu wa Kirumba wanahitaji kusokota sufu sijawahi kumwona. Natamani siku moja nimwone, nimkalishe juu ya mawe ya kwetu saa nane mchana, halafu nimvishe sweta. Mwanza shuka tu ni adhabu. Kondoo wetu wenyewe wana nywele fupi kama mbuzi, maana Mungu aliwaumba akijua watakaa wapi. Kwa hiyo sufu ililetwa kwa magunia kutoka nyanda za juu kusini, huko ambako asubuhi watu wakiongea wanatoa moshi mdomoni, ikakata nchi nzima kuja kwa watu wanaolala na madirisha wazi. Magurudumu ya kusokotea yalitoka mbali zaidi, kwenye maboksi, na kila boksi lilikuwa na picha ya bibi wa Kizungu mwenye kilemba cheupe, anatabasamu kama mtu asiyedaiwa chakula na yeyote.

Vyote vikawekwa kwenye ghala la zamani la dagaa, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Walipiga rangi, wakatundika kibao, wakaleta viti. Ila dagaa akishakaa mahali miaka na miaka, haondoki kwa rangi. Sufu ilinuka dagaa kabla hatujaigusa. Paka wa mtaa mzima walikuja wakakaa mlangoni, wakatutazama tukifanya kazi kwa matumaini makubwa kuliko ya kwetu.

Sikwenda pale kwa kupenda. Nilikwenda kwa sababu ya mdogo wangu wa mwisho.

Wazazi wetu walitutoka kwa kufuatana, baba kwanza, na mama kabla hatujazoea kwamba baba hayupo. Tulibaki watatu. Mimi mkubwa, niliyeiacha shule kidato cha pili nikaenda kubeba magunia Mwaloni. Wa pili wa kiume, na kitinda mimba wetu wa kike, aliyekuwa darasa la tatu. Msiba wa mama ulipokwisha, ukoo ulikaa Kisesa kwa baba mkubwa ili kutugawa. Nasema kutugawa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: kila mtu alikuja na macho yake kwenye nyama aliyoitaka.

Mdogo wangu wa kiume hakuna aliyemtaka. Alikuwa kwenye umri wa kula. Alipotajwa, wazee wote walitazama paa, na ningekuwa fundi paa ningefurahi kwa jinsi lilivyochunguzwa. Yule wa kike aligombewa, kwa sababu alikuwa tayari anajua kuosha vyombo. Shangazi yetu wa Geita ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

"Mtoto wa kike halelewi na mwanamume. Nitamchukua mimi, nikamsomeshe."

Shangazi alikuwa amekwisha kuchukua mabinti wengine wa ukoo akawasomeshe. Wote wanajua sana kupika.

Nikasema mdogo wangu haondoki. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Baba mkubwa akanigeukia. Yeye alivua samaki Ukerewe tangu ujana mpaka ziwa lilipomchoka, ndipo akahamia Kisesa kufuga ng'ombe, na mpaka leo anawatazama ng'ombe wale kama samaki ambao hawakuvuliwa vizuri.

"Unafanya kazi gani?"

"Nabeba mizigo Mwaloni, baba mkubwa."

"Unatoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Mtoto anabaki na nani?"

"Na kaka yake."

"Huyu ambaye mtu akimwibia shuka aliyojifunika anaendelea kukoroma?"

Ukoo ukacheka. Mdogo wangu naye akacheka, mpumbavu yule.

"Kubeba si kazi," baba mkubwa akasema. "Ni mwili. Mwili ukichoka, kazi imekwisha. Tafuta ufundi. Ufundi wa mchana, wenye kiti na paa. Tutakaa tena baada ya mavuno. Ukiwa unao, mtoto anabaki kwako. Ukiwa huna, anakwenda Geita."

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Mtoto alikuwa anaamka kwenye nyumba yenye giza na kaka aliyelala kama gogo. Nikaanza kutafuta kiti na paa.

Huko Kirumba kazi ya kukaa huipati hivi hivi. Hata wavivu wetu wanasimama. Ndipo nikasikia mradi wa sufu unaandikisha akina mama na vijana, na kwamba watakaofuzu watabaki kuwa wafanyakazi, waingie asubuhi, watoke saa kumi jioni. Nilifika nikakuta vijana ni mimi. Wengine wote walikuwa akina mama.

Wenzangu wa Mwaloni walipojua, waliacha magunia wakaja kusimama dirishani.

"Oya, bi harusi! Nifumie soksi!"

"Hapa hatufumi," nikawajibu. "Tunasokota."

"Aa, samahani bibi. Tusokotee basi."

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja kutoka Makete, kulekule kwenye baridi ilikotoka sufu, mfupi, mwenye mikono midogo na ulimi mrefu. Tangu alipokuja Mwanza alikuwa anatokwa jasho, na jasho lile lilimfanya asiwe na subira na binadamu yeyote. Siku ya kwanza alitukabidhi magunia mawili ya sufu mbichi, imejaa mafuta, samadi na miiba, akasema, "Hii isafishwe kwanza. Isafishwe vizuri," kisha akaondoka kwenda Mirongo kutafuta mabeseni.

Tukaangaliana. Kusafisha? Kama kuna jambo ambalo watu wa ukingo wa ziwa hawahitaji kufundishwa, ni kusafisha kitu kichafu. Tukabeba magunia hadi majini. Jirani yangu wa kiti, mama mmoja muuza maandazi mwenye mabega mapana kuliko yangu, alipanda jiwe, akaipaka sufu sabuni ya mche, akaishika kama shati la fundi gari na kuanza kuipiga kwenye mwamba.

"Piga, mwanangu!" akaniambia. "Hii imelala na kondoo, haitoki kwa kubembelezwa!"

Tukapiga. Tukasugua. Tukakamua, wawili wawili, kila mmoja na ncha yake, kama tunavyokamua mablanketi. Kila tulivyopiga ilizidi kuwa nyeupe, na kila ilivyozidi kuwa nyeupe ilizidi kuwa ndogo. Hilo lilitushangaza kidogo, lakini tukafikiri ni uchafu unaopungua. Tulipomaliza, magunia mawili yalikuwa yamekuwa kitu kimoja kigumu, bapa, kama mkeka uliokanyagwa na ng'ombe. Tukakianika juu ya jiwe, tukakaa kukingoja kikauke, tumeridhika kabisa.

Mwalimu akarudi na mabeseni kichwani. Alikitazama kile kitu kwa muda.

"Sufu iko wapi?"

"Hiyo hapo, mwalimu. Imetakata."

Akashusha mabeseni. "Kondoo alinyolewa akaenda zake mzima. Ninyi mmemuua kwa manyoya yake."

Kumbe sufu haifuliwi. Inalazwa kwenye maji ya moto na sabuni kidogo, haikorogwi, haisuguliwi, inaachwa itulie kama mtoto mwenye homa, kisha inanyanyuliwa taratibu. Ukiipiga, nywele zake zinashikana na haziachani tena mpaka kiama. Lakini ungeanzaje kutuambia hivyo sisi? Mama wa Kirumba akiona mtu analoweka nguo chafu na kuondoka, anamhesabu mvivu na kumtangaza. Tulichofanya siku ile hakuna mwingine angeweza kukifanya vizuri kama sisi. Mama wa maandazi alikikata kile kitu akapata vizulia vya kukalia, na bado vipo.

Gurudumu lenyewe ukilitazama ni kitu rahisi, na hapo ndipo linapokulaghai. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, mkanda unazungusha bobini, kile kipande cha kukunjia uzi, na bobini inavuta uzi kutoka mikononi mwako. Kazi ya mikono ni kuchomoa sufu kidogo kidogo na kuiachia iende. Tuliliita baiskeli isiyofika. Mama wa maandazi alilielewa haraka. Mimi nilishindwa pale pale kwenye kuachia.

Baba yangu alikuwa anashona nyavu Mwaloni, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kusokota kamba kwenye paja na kukaza fundo kwa meno. "Fundo usilolivuta," alikuwa anasema, "samaki atalivuta kwa niaba yako." Kwa hiyo mikono yangu ilijua jambo moja tu juu ya uzi: ukaze, kisha uujaribu kama utakatika. Mbele ya gurudumu niliushika, nikaukaza, gurudumu likaendelea kuusokota, na uzi ukajikunja vifundo vifundo kama nywele za mtu aliyeogopa kinyozi. Nilipouvuta haukukatika. Nikaona fahari.

Mwalimu aliuchukua, akauweka shingoni mwake, akauondoa haraka kama aliyeumwa na siafu.

"Huu wa nini?"

"Ni imara, mwalimu."

"Nimekuuliza wa nini. Kuna mtu unataka kumnyonga?" Akainua uzi, wote wauone. "Sikilizeni. Uzi wa sufu unapimwa shingoni. Haupimwi kwa meno, haupimwi kwa kuvutana. Mtoto atavaa hiki kitu shuleni kwenye baridi. Huu wa kaka yenu ni wa kufungia ng'ombe. Na ng'ombe mwenyewe atashtaki."

Basi jina likaniganda. Nikaitwa Kamba. Kila asubuhi Kamba alikaa kwenye baiskeli isiyofika, na kila jioni alitoka na kamba. "Achia!" mwalimu alipiga kelele. "Uzi unaomba kuingia, wewe umeukamata kama mwizi wa kuku! Achia!" Niliachia, ukakatika. Nilishika, ukawa kamba. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na huko Kisesa, nikaambiwa, shangazi alikuwa amekwisha kupiga simu kuuliza mtoto anavaa viatu namba ngapi.

Katikati ya hayo walikuja wageni wa mradi, na kwa kuwa mimi ndiye mwanamume pekee nikakalishwa mbele nipigwe picha. Waliniuliza, kupitia kwa mkalimani, sufu imebadilishaje maisha yangu. Nikasema, "Bado najifunza, sasa hivi sijaweza." Mkalimani akaongea kwa Kiingereza muda mrefu sana, wageni wakanitazama kwa huruma, na mama mmoja kati yao akapangusa jicho. Sijui nilisema nini siku ile, lakini inaelekea niliongea vizuri.

Kilichonisaidia si bidii. Nitalisema hili ingawa nimelelewa kuamini bidii. Kilichonisaidia ni malaria.

Nilishikwa, nikanywa dawa, na kabla sijapona nikarudi kazini, maana niliogopa nafasi yangu itachukuliwa. Vidole havikuwa na nguvu hata ya kushika kikombe. Nilikaa, nikakanyaga polepole kwa kuwa mguu haukuweza zaidi, nikashika sufu kwa kuwa ilikuwa mkononi, na gurudumu likaninyang'anya kadiri lilivyotaka. Sikupigana nalo. Nilikuwa nafikiria maji ya kunywa. Jioni mwalimu akatoa bobini yangu, akavuta uzi kidogo, akauweka shingoni. Akauacha hapo.

"Nani kasokota huu?"

"Kamba," wakasema.

Akanitazama macho yangu ya njano. "Wewe uwe unaumwa kila wiki."

Nilipopona, kamba ikarudi. Mama wa maandazi akasema labda tutafute mbu. Ikabidi nijifunze kukaa kama mgonjwa bila kuumwa. Nililegeza mabega, nikalegeza taya, nikaacha mdomo wazi kidogo kama mtu anayesubiri uji. Si sura nzuri. Wenzangu wa dirishani walisema sasa nimekuwa bibi kamili, bado kung'oka meno tu. Lakini uzi ulitoka laini, ukajaa, ukawa na hewa ndani yake, na siku ya majaribio mwalimu aliuzungusha shingoni akaenda nao mpaka mwisho wa ghala, akarudi, na hakusema neno. Kwa mwanamke yule, kutosema neno kulikuwa shada la maua. Nikapewa kiti changu. Kilikuwa chini ya paa, nacho nilikikalia mchana.

Nilifikiri hapo ndipo mambo yamekwisha. Kisha nikamkumbuka baba mkubwa.

Jumamosi ya kikao, kabla ya kuondoka Kirumba, nilikaa kitandani na mafungu mawili ya uzi. Moja ni lile la majaribio, laini, ambalo mwalimu alinipa kwa sifa. La pili ni la siku za mwanzo, lililokataliwa na kila mwenye shingo. Nilimjua baba mkubwa. Katika maisha yake hajapata kushika uzi wowote bila kuuvuta. Nikimpelekea ule mzuri, atauzungusha kwenye viganja, atauvuta mara moja, utakatika mbele ya ukoo mzima, na mdogo wangu atakwenda Geita kujifunza kupika. Nikaacha kazi yangu nzuri chini ya mto. Nikachukua aibu yangu, nikaifunga kwenye gazeti, tukaenda Kisesa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nasikia umepata ufundi."

"Ndiyo. Nasokota nyuzi za sweta. Naingia asubuhi mtoto akienda shule, natoka jioni."

"Huo uzi uko wapi?"

Nikampa. Akaufungua, akaubana kwa meno, akauzungusha kwenye viganja vyote viwili, akavuta. Akapumua. Akavuta tena mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Kisha akampa ncha moja baba mdogo aliyekaa jirani yake, mwenyewe akashika nyingine, na wazee wawili wenye wajukuu wakasimama katikati ya sebule wakivutana kama watoto wa shule siku ya michezo. Kiti kilianguka. Uzi haukukatika.

"Huu umesokota mwenyewe?" baba mkubwa akauliza, anahema.

"Kwa mikono yangu, baba mkubwa."

Na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Huu unatoa sangara majini," baba mdogo akasema, anajitazama alama nyekundu viganjani.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi. Akanyoosha mkono, akapewa uzi, akaupima. Akaugusisha shingoni, chini kidogo ya sikio. Akaurudisha kwa baba mkubwa kwa vidole viwili.

"Unawasha," akasema. "Si umesema ni wa sweta? Nani atavaa sweta ya hivi?"

Katika nyumba nzima ile, mwenye kuielewa sufu alikuwa shangazi peke yake. Angezaliwa Makete angekuwa mwalimu.

"Wewe umevua lini?" baba mkubwa akamuuliza.

"Kwani hapa tunazungumzia kuvua?"

"Tunazungumzia uzi. Uzi mimi naujua." Akauviringisha, akautia mfukoni mwa koti lake, na nilijua sitauona tena. "Kijana ana ufundi, ana paa, anakaa mchana. Mtoto atabaki kwa kaka yake. Tumemaliza. Leteni chakula."

Shangazi alinitazama muda wote tulipokuwa tunakula. Alijua. Nami nilijua kwamba alijua, nikamkaribisha mboga.

Saa tisa tukaaga, tukatembea kuelekea barabarani, mimi na mdogo wangu wa mwisho, kaka yake nyuma akimalizia mfupa. Sikujisikia mshindi, nilijisikia mtu aliyeshusha gunia. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni muda wote wa kikao, anasikiliza watu wakubwa wakivutana uzi kwa ajili yake.

"Uliogopa?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Uliogopa shangazi atakuchukua."

"Hapana," akasema. "Niliogopa atabadili mawazo, asinichukue. Kwake kuna televisheni kubwa, na friji. Aliniambia nitakuwa nakunywa soda ya baridi."

Nikasimama. Miezi yote ile, mimi, mwalimu, ukoo, wageni wenye kupangusa macho, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenyewe.

"Na vyombo vya huko ungeosha wewe," nikamwambia. "Vyote. Kila siku."

"Kwani vya kwako anaosha nani?"

Nyuma yetu kaka yake akacheka mpaka akapaliwa na mfupa, ikabidi nimpige mgongoni.

Jioni hiyo, tulipofika Kirumba na kula, nilikusanya vyombo nikavipeleka nje kwenye jiwe letu, nikakaa kuviosha. Yeye akatoka na kigoda, akakaa mbele yangu, mikono magotini, akanisimamia. Nilipodhani nimemaliza, akainua sufuria ya ugali, akaigeuza kwenye mwanga uliobaki, akanirudishia.

"Hii bado ina masizi," akasema.